Mafunjo yananyauka na ziwa liko pale pale: dalili, chanzo na cha kufanya

Ukizunguka Ghuba ya Mwanza mafunjo yamejiotea yenyewe, hakuna anayeyamwagilia wala anayeyawekea mbolea, na yanafika mita nne mpaka tano yamesimama wima. Sasa mtu anachukua kipande anakipeleka Buhongwa au Nyakato, anakiweka kwenye chungu kizuri cha saruji getini, baada ya miezi michache yamekuwa ya njano yamejikunja, anabaki anashangaa, si magugu haya jamani, magugu yanakufaje?

Yanakufa kwa sababu ziwa haliyapi maji tu. Linayapa tope lenye chakula ambacho mito na mvua zinaleta kila msimu, linayapa nafasi ya kutambaa yanakotaka, linayapa jua la kutwa, na pale chini hapakauki hata siku moja. Kwenye chungu vyote hivyo inabidi uvilete wewe. Kwa hiyo kwenye kila tatizo humu chini swali langu la kwanza ni hilo hilo, kitu gani kipo ziwani na kwako hakipo, na mara nyingi jibu liko kwenye mizizi wakati mtu kakazana kupulizia dawa majani.

Kwanza jua una mmea gani, maana wauza maua wa barabarani vyote wanaita papairasi tu. Kuna mafunjo yenyewe, Cyperus papyrus, bua refu la pembe tatu halina majani na juu kuna kichwa cha nyuzi nyembamba nyingi. Kuna yale ya mwavuli, Cyperus involucratus, ingawa kwenye vitalu vingi utakuta yameandikwa Cyperus alternifolius, hayo juu yana majani bapa yaliyotandazwa pande zote na yanaishia mita moja au moja na nusu, ndo yamejaa mahotelini na kwenye maofisi. Alafu kuna yale mafupi, Cyperus prolifer, yanafanana na mafunjo makubwa ila yanakufika gotini au juu kidogo, mazuri sana kwenye beseni. Dawa zake zinafanana sehemu nyingi lakini kwenye kina cha maji na kwenye kuzalisha yanatofautiana, nitasema nikifika hapo.

NCHA ZINAKAUKA, ZINAKUWA KAHAWIA

Angalia ni bua moja moja au ni yote kwa mpigo.

Kama ni bua moja la pembeni, la zamani, limeanza kahawia kwenye nyuzi likashuka mpaka chini, na katikati kuna machipukizi mapya ya kijani yanatoka, hapo hakuna ugonjwa wowote. Bua la mafunjo linaishi miezi kadhaa basi, linatoa vimaua vyake vya kahawia kwenye ncha, linazeeka, linakufa, lingine linakuja. Watu wengi wanakiona kile kimaua wanadhani ni kutu au ukungu, wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Kata lile bua chini kabisa, maliza.

Kama ni yote kwa mpigo, umeyakausha. Utasema namwagilia kila asubuhi, sawa, lakini chungu cha saruji kisichopakwa rangi kwa ndani kinakunywa maji, chini kina tundu, na kuanzia Juni mpaka Septemba kule Mwanza mvua hakuna na upepo wa ziwa unapiga mchana kutwa, kwa hiyo uliyoweka saa moja asubuhi saa nane hayapo. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiishe, saa tisa alasiri, sio asubuhi. Kidole kikitoka na vumbi vumbi au udongo umeachana na ukuta wa chungu ukaacha ufa pembeni, jibu umepata. Mafunjo sio kama maua mengine ambayo ukimwagilia sana yanaoza, haya yanataka kukaa ndani ya maji. Ziba tundu la chini kwa saruji au gundi ya bomba, au kama hutaki kuharibu chungu weka ndoo ya plastiki isiyotoboka ndani yake upande humo. Au tumia diaba.

Maji yawe kiasi gani: yale ya mwavuli yanataka yafunike udongo vidole viwili vitatu tu, ukifika sentimita 15 inatosha. Mafunjo makubwa yakishakomaa yanavumilia mpaka sentimita 30 juu ya udongo. Yale mafupi usiyazamishe, udongo ulowe maji yawe juu kidogo basi.

Wale wa ndani ya ofisi, ncha zikikauka na udongo umelowa vizuri, tazama juu, utakuta kiyoyozi kinayapulizia. Sogeza. Na kama chungu hakina tundu na miaka yote unaongeza maji ya bomba tu, chumvi inajikusanya, utaona utando mweupe mgumu kwenye ukingo wa chungu pale maji yanapoishia. Mara moja moja mwaga maji yote, jaza ya mvua, rudia. Masika na vuli zote mbili tunazo, kinga maji kwenye pipa.

YANAGEUKA NJANO

Hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi kwa sababu njano ziko mbili na dawa zake hazifanani, ukikosea unaongeza tatizo.

Njano ya kwanza inaanzia kwenye mabua ya zamani, mapya bado kijani ila membamba kuliko yaliyotangulia na mafupi, kila kizazi kinapungua. Hiyo ni njaa. Mafunjo yanakula sana, yanakua haraka kuliko mimea mingi unayoifahamu, na ule udongo wa kichanga wa Mwanza uliotokana na haya mawe yetu hauna kitu, ukioshwa na maji miezi miwili mitatu umebaki mchanga mtupu. Cha kufanya, tafuta udongo mzito, wa mfinyanzi, ule mweusi wa mbugani ni mzuri sana, changanya na samadi iliyooza kabisa, iliyooza narudia, robo ya ujazo inatosha. Kama hutaki kuhamisha, chukua mbolea ya dukani ya NPK kijiko kimoja cha chai kwa chungu cha ukubwa wa ndoo ya lita 20, funga kwenye kipande cha gazeti, chomeka chini kabisa karibu na mizizi, rudia baada ya miezi miwili. Kwanini gazeti na kwanini chini? Kwa sababu ukimwaga juu ya maji mbolea yote inabaki kwenye maji, inalisha ule mwani wa kijani, wiki mbili mbele una supu na mafunjo yako bado yana njaa.

Na kama una samaki humo, tafadhali mbolea ya yurea usiiguse kabisa. Inageuka amonia na amonia inaua samaki, utaamka asubuhi sato wote wamelala ubavu.

Njano ya pili ni kinyume chake. Mabua ya zamani yako kijani, yale mapya yanayotoka ndo yanakuja na njano ya kupauka, karibu nyeupe, na nyuzi zake hazina nguvu. Hapo chakula kinaweza kuwepo tele ila mmea haukifikii, hasa madini ya chuma, na mkosaji kwa Mwanza tisa kwa kumi ni saruji. Ninyi mnajua fundi anavyojenga kile kidimbwi cha getini: anapiga plasta leo, kesho kutwa anajaza maji, Jumamosi mama mwenye nyumba ameshapanda. Saruji mbichi inaachia chokaa kwenye maji, pH inapanda (ni namba ya kupima uchachu, ikipanda uchachu unapungua), mafunjo yanataka maji ya kawaida au yenye uchachu kidogo, juu ya hapo chuma kinaganda kwenye udongo na mizizi haiwezi kukichukua. Ukipitisha kidole ukutani ndani ya kidimbwi kipya kinatoka na unga mweupe wa kuteleza, ukikiacha kikauke ngozi inakakamaa. Ndo chokaa yenyewe hiyo.

Dawa yake: toa mmea, uweke kwenye ndoo upumzike, jaza kidimbwi maji kaa nayo siku tatu nne, mwaga, jaza tena, mwaga, fanya hivyo kwa wiki tatu mpaka nne. Siki ukiweka kwenye maji ya kwanza inasaidia kuharakisha, ila mwaga hayo maji kabla hujarudisha samaki au mmea. Kama una haraka paka rangi ya kuzuia maji ile ya matanki ya maji ya kunywa. Vikaratasi vya kupima pH havina bei, wauza samaki wa mapambo wanavyo, ukiona namba iko saba au chini kidogo rudisha mmea. Kwa ile njano iliyoshatokea unaweza kupulizia busta, ile mbolea ya maji ya kupulizia majani, yenye madini ya chuma, jioni jua likishapoa, lakini bila kushughulikia saruji utapulizia mpaka uchoke.

Kuna mtu ataniambia mbona mimi nilipanda kwenye saruji mpya na hayakufa. Inawezekana kabisa, kama kidimbwi ni kikubwa au mvua za Aprili zilikuoshea bila wewe kujua. Mshukuru Mungu.

MABUA YANALALA AU YANAVUNJIKA

Sababu ya kwanza kivuli. Mafunjo ni mtu wa jua, masaa sita kwenda juu, ukiyapanda chini ya mwembe au nyuma ya ukuta yanarefuka kutafuta mwanga, bua linakuwa jembamba, kichwa kizito, linalala. Yale ya mwavuli yanavumilia kivuli zaidi, ndo maana yanaishi maofisini. Sababu ya pili mbolea nyingi ya kukuzia, bua linakuwa nene na laini limejaa maji. Sababu ya tatu upepo. Capri Point kule na nyumba zote za mlimani zinazoangalia ziwa mnaujua upepo wa mchana, na zile mvua zinazokuja na dhoruba usiku, bua la mafunjo ndani lina sponji tu halina mti, likipindishwa likaacha alama ya mkunjo halinyooki tena. Ziwani yanasimama kwa sababu yako maelfu yameegemeana. Kwako yako sita. Yapande kwenye kona yenye ukuta upande upepo unakotoka, au weka yale mafupi ambayo upepo unapita juu yake.

Sababu ya nne ni fundi bustani na mkasi wake, na hii inaniudhi kupita zote. Anakuja mtu aliyezoea kukata michongoma, anaona mafunjo hayalingani urefu, anayapiga mstari mmoja katikati yakae sawa. Bua la mafunjo halichipui pale ulipolikata! Halina macho ya kuchipulia pale. Kichwa ndo jikoni kwake, pale kwenye nyuzi za kijani ndo sehemu kubwa ya chakula kinatengenezwa, ukishakiondoa umeacha fimbo tupu inayooza taratibu na kusukuma uozo kuelekea chini. Machipukizi yote yanatoka kwenye lile shina nene linalolala chini ya udongo kama tangawizi. Kwa hiyo sheria ni moja, bua ama unaliacha lilivyo ama unalikata chini kabisa, sentimita mbili tatu juu ya udongo. Mwambie fundi kabla hajaanza kazi sio baada.

HARUFU MBAYA NA KUOZA CHINI

Ukitikisa chungu kikatoa mapovu yenye harufu ya yai viza, udongo ukiuchimbua ni mweusi ti, hapo kwa kawaida kuna samadi mbichi. Samadi mbichi ndani ya maji haiozi kama inavyooza shambani, hewa hakuna, inatoa gesi inayochoma mizizi. Mafunjo yenyewe yanaweza kuishi kwenye tope lisilo na hewa kwa sababu bua lina vitundu vya kupitisha hewa mpaka chini, lakini kila kitu kina kipimo, na yale uliyoyakata mabua yote maji yakafunika visiki hewa inakosa pa kupitia kabisa.

Ng'oa. Osha lile shina la chini kwa maji, likate kwa kisu kikali. Likiwa gumu na ndani jeupe liko hai hata kama juu hakuna kitu cha kijani. Likiwa laini, kahawia, linabonyea na kunuka, kata mpaka ufike kwenye nyeupe, tupa hicho kingine. Kipande chenye nyeupe na jicho moja au mawili kipande upya kwenye udongo safi, jicho liangalie juu, liwe usawa wa udongo sio limezikwa, na maji yawe ya kulowesha tu mpaka chipukizi lifike shibiri. Watu wanatupa vyungu vizima ambavyo chini bado vina uhai. Usitupe kabla hujakata ukaona.

Maji ya kufulia nayo. Najua wengi mmeelekeza bomba la maji ya nguo kwenye mafunjo kwa sababu mmesikia yanasafisha maji machafu, na ni kweli mafunjo na ndugu zake hutumika kwenye mabwawa ya kuchuja majitaka. Lakini hayo mabwawa ni makubwa yana kokoto na yamepigiwa hesabu. Chungu chako na beseni tatu za maji yenye jiki kila Jumamosi ni habari nyingine. Maji ya suuza la mwisho sawa, yenye jiki hapana.

VICHWA ULIVYOPANDA HAVITOI MIZIZI

Hapa ndo aina inahusika. Ile ya mwavuli inazaa kwa kichwa, unakata kichwa kizima kikiwa na bua la sentimita tano hivi, unapunguza majani nusu yake kwa mkasi, unakigeuza juu chini, yaani majani ndani ya maji na kijibua kinaangalia juu, unakiweka kwenye bakuli mahali penye mwanga usio mkali. Pale katikati majani yanapokutana vitatoka vizizi vyeupe na baadae vijimmea, wiki mbili tatu nne hapo. Kama hakitoki, ama kichwa kilikuwa kizee kimeshatoa maua, ama maji hujabadilisha yamekuwa na utelezi. Chagua kichwa cha kijani cha umri wa kati, badilisha maji kila siku ya pili.

Mafunjo makubwa ukiyafanyia hivyo mara nyingi yanaoza. Usiendelee kujaribu, gawanya shina la chini. Chukua panga au msumeno, kata kipande kama cha ukubwa wa kiganja chenye macho na mizizi yake, mabua marefu yaliyo juu yapunguze yabaki mawili tu ya kijani au uyakate yote chini maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kulisha bua la mita tatu. Ndo hilo linalowashangaza wengi, wanahamisha mmea mzima na mabua yake marefu unapendeza siku mbili, siku ya tano umelala wote. Haujafa. Mabua yamekufa, kata, subiri. Msimu mzuri ni mvua zinapoanza.

Na kabla hujavua viatu kwenda kujikatia ufukweni, sikia kidogo. Kichocho Mwanza kipo, na konokono wake wanakaa hasa pale maji yametulia kuna majani, yaani pale pale kwenye mafunjo. Dakika chache za kusimama kwenye maji zinatosha. Mamba nao sio hadithi. Alafu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kuharibu pale hazitakiwi, kwa hiyo nunua kwenye vitalu au omba kipande kwa jirani, kichaka kimoja cha jirani kikigawanywa kinatosha mtaa mzima. Kama ulishaingia, nenda kapime, dawa ya kichocho ipo.

WADUDU, NDEGE NA WENGINE WENYE MENO

Wadudu wa mafunjo ni wachache. Ya ndani na ya kwenye varanda kavu yanapata utitiri, unaona vidoa vidogo vya njano vingi kwenye majani na ukiangalia dhidi ya jua kuna utando mwembamba. Ukiona utitiri jua hewa ni kavu, yatoe nje uyapige maji ya mpira kwa nguvu, juu na chini ya majani, rudia siku kadhaa, kwa kawaida wanaisha bila dawa. Vidung'ata, vile vyeupe vya pamba pamba, vinajificha pale majani yanapokutana juu, futa kwa kitambaa chenye spiriti au sabuni ya maji. Dawa kali za dukani usipulizie juu ya maji yenye samaki, nyingi zinawaua.

Wale wadudu wanaokuja kutoka ziwani kwa mawingu wakatanda kwenye taa na kuta, hawali mafunjo. Waache.

Kama nyuzi za kichwa zimekatwa, zimechanwa kwa urefu, zimebaki vipande na kijiti cha katikati, na hakuna mdudu unayemuona, kaa varandani asubuhi na mapema utamjua mwizi. Ni kwera, wale ndege wa njano. Anatua kwenye uzi, anauma karibu na shina, anaruka nao ukichanika kama utepe mrefu, dume linajenga kiota. Kichwa kimoja wanaweza kukimaliza asubuhi moja. Wanafanya hivyo msimu wa mvua wanapozaliana, hakuna dawa na mimi binafsi nisingewafukuza, mmea hauathiriki sana, bua jipya litakuja. Ukiwa na mgeni wa harusi wiki ijayo funika kwa wavu.

Mbuzi na ng'ombe wanapenda machipukizi. Sato dume akitaka kuzalisha anachimba shimo chini ya bwawa na chungu chako akikikuta kina udongo laini anakifukua humo humo, maji yanakuwa tope na mmea unalala upande. Panga mawe ya ukubwa wa ngumi juu ya udongo, mawe ndo kitu ambacho Mwanza hatununui.

MBU

Mama akisema vitoe vile vyungu vinaleta mbu hajakosea, maji yaliyosimama siku saba mpaka kumi yanatosha mbu kutoka yai mpaka kuruka. Ila huna haja ya kuvitoa. Kwenye bwawa weka sato wadogo au gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, wanakula viluwiluwi wote. Kwenye chungu kidogo jaza udongo na kokoto mpaka juu ili maji yakae ndani ya kokoto, uso wa maji usionekane, mafunjo yanakunywa kama kawaida na mbu hana pa kutagia. Au mwaga na kujaza upya kila siku nne. Mafuta ya taa usimwage, unaua mbu na kila kitu kingine.

CHUNGU KIMEPASUKA, AU YAMEJAA BWAWA ZIMA

Hili ni tatizo la waliofanikiwa. Shina la chini linatembea kuelekea pembeni, likigonga ukuta linasukuma, chungu cha plastiki kinavimba upande mmoja, cha udongo kinapasuka, na katikati panabaki mabua makavu wakati yote mazuri yamebanana ukingoni. Kila mwaka wa pili au wa tatu toa, kata, rudisha vipande vya pembeni vyenye macho, ile katikati kuu kuu tupa. Kwenye bwawa usipande moja kwa moja kwenye tope la chini hata siku moja, weka kwenye diaba alafu zamisha diaba, vinginevyo yatatambaa mpaka yafunike maji yote.

Na yanaweza kuachia yakaelea, usishangae. Mizizi na mashina yanafumana yanakuwa mkeka mnene, maji yakipanda ghafla mkeka unang'oka chini. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda sana visiwa vizima vya mafunjo viliachia vikawa vinatembea na upepo, na Uganda kimoja kilienda kuziba mitambo ya umeme ya Nalubaale nchi ikakosa umeme. Kwako kitu kikielea kwenye kidimbwi ni kwamba chungu ni chepesi, ongeza mawe chini.

Hivyo vipande unavyokata, visiende mtaroni. Mtaro unaenda mto Mirongo, Mirongo unaenda ziwani, na kipande chenye jicho hakihitaji chochote zaidi ya maji kuanza upya njiani, hasa ile ya mwavuli inaziba mitaro vibaya. Vianike juani juu ya bati wiki mbili mpaka vivunjike vikavu, mabua katakata tandaza kwenye migomba au mchicha, na vile vyenye macho mazuri gawia majirani kabla hujavianika.